Giaboksi Mbovu: Nani Aifungue?

Na ichukuliwe shule ya sekondari ya bweni, iliyo mbali na barabara ya lami na yenye gari moja tu. Gari lenyewe ni Land Rover ya Series III, mojawapo ya yale yaliyoundwa kati ya mwaka 1971 na 1985, ambayo baadhi yake hayajakubali kustaafu hadi leo. Gari hilo ndilo liletalo unga na maharage kutoka mjini, na ndilo limpelekalo hospitalini mwanafunzi aliyezidiwa usiku wa manane. Sasa gia ya pili imeanza kusaga kila dereva anapoiingiza kutoka ya tatu, na mara mbili katika wiki moja imechomoka yenyewe gari likiwa mteremkoni. Fedha za matengenezo ni haba. Mwalimu wa fizikia, ambaye pikipiki yake haijapata kufunguliwa na mkono mwingine ila wake, anajitolea kuishusha giaboksi wakati wa likizo na kuifanya upya. Mkuu wa shule aona ni neema. Je, akubali?

Swali hili huulizwa katika shule, katika vyama vya ushirika, hata katika nyumba za watu binafsi, na aghalabu hujibiwa kwa hisia. Wapo wasemao kwamba kilichoundwa na binadamu hufunguliwa na binadamu, na kwamba kumwita fundi ni kukiri unyonge. Wapo pia wasemao kwamba giaboksi si kitu cha kuguswa na mtu asiye na makovu ya spana mikononi. Makundi yote mawili yanakosea, na yanakosea kwa namna ile ile: yanabishana juu ya ushujaa wa mtu kabla ya kujua ugonjwa wa mashine.

Kazi ya giaboksi yaweza kuelezwa kwa hesabu ya kidato cha pili. Injini huzunguka kwa kasi na kwa nguvu ndogo kiasi. Gari linapoondoka au kupanda mlima huhitaji nguvu kubwa kwa mwendo mdogo. Gia yenye meno 15 ikiizungusha yenye meno 30, kasi hupungua nusu na nguvu ya kuzungusha huongezeka maradufu, ukiacha kile kidogo kinacholiwa na msuguano. Katika Land Rover hiyo gia ya tatu hupunguza kasi kwa uwiano wa 1.5 kwa 1, na ya pili kwa uwiano wa karibu 2.22 kwa 1. Gia ya nne haipunguzi kitu: nguvu hupita moja kwa moja kutoka shafti inayoingia hadi shafti inayotoka. Jambo hili la gia ya nne halina budi kukumbukwa, kwani litafaa baadaye.

Sasa, kwa nini ilie gia ya pili na si nyingine? Gari likiwa katika gia ya tatu na injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, shafti inayotoka huzunguka mara 1,333 hivi. Dereva akitaka gia ya pili bila mwendo wa gari kubadilika, upande unaoingia hauna budi kufikia mara 1,333 zidisha kwa 2.22, yaani karibu 2,960. Nani auharakishe? Mguu wa dereva umekwisha kuitenga injini kwa klachi. Kazi hiyo huachiwa pete ndogo ya shaba yenye umbo la koni, ambayo hujibana juu ya koni ya chuma ya gia ya pili na, kwa msuguano mtupu, huivuta sahani ya klachi, shafti na gia zote zilizoshikamana nayo hadi kasi zilingane. Ndipo bangili ya chuma yenye meno inapoweza kuteleza na kuifunga gia pasipo kelele. Yote hayo hutendeka katika sehemu ndogo ya sekunde. Kwa kuwa nishati ya mzunguko hukua kwa mraba wa kasi, kutoka 2,000 hadi 2,960 ni kuizidisha kwa karibu 2.2. Mara elfu kadhaa kwa mwaka pete ile ile hubeba mzigo huo, katika giza na oili ya moto. Si ajabu kwamba yenyewe ndiyo hufa kwanza.

Pete hizo zilianza kutumika katika magari ya Cadillac ya Marekani mwaka 1928. Kabla ya hapo kila dereva alilazimika kulinganisha kasi kwa mguu na sikio: akanyage klachi, atoe gia, aiachie klachi, apandishe injini kidogo, akanyage tena, ndipo aingize gia ya chini. Land Rover zilizotangulia Series III hazikuwa na pete katika gia ya kwanza wala ya pili, na madereva wake walifanya hivyo siku zote bila kulalamika. Hapa pana jibu la kwanza ambalo wabishi wote wawili hulisahau. Ikiwa ugonjwa wa gari la shule ni pete iliyolika tu, giaboksi haihitaji kufunguliwa na mtu yeyote mwaka huu. Dereva na afundishwe kukanyaga klachi mara mbili, na gari liendelee kuleta unga.

Lakini gia inayochomoka mteremkoni ni jambo jingine. Injini hapo ndiyo breki ya pili ya gari. Gia ikichomoka, breki hiyo hutoweka mara moja, na mzigo wote huangukia breki za magurudumu ambazo huenda zimekwisha kupata moto. Baadhi ya madereva huushika mkono wa gia kwa nguvu, wengine huufunga kwa mpira. Huko si kutengeneza. Uma unaoisukuma bangili haukuundwa kubeba mkandamizo wa kudumu, nao hulika mpaka yule aliyekuwa na ugonjwa mmoja awe na miwili. Hadi litengenezwe, gari hilo halifai kubeba watu katika miteremko, na mkuu wa shule apaswa kulisema neno hilo waziwazi kwa dereva.

Hapa ndipo mwalimu wa fizikia anapohitajika, naye anahitajika kabla ya spana yoyote kushikwa. Giaboksi ni sanduku lililofungwa, na sayansi ina desturi ndefu ya kujua yaliyomo ndani ya sanduku kwa kulijaribu kutoka nje. Gari likiwa limesimama, injini ikizunguka polepole na gia ikiwa huru, mlio ukisikika kisha ukakoma klachi inapokanyagwa, mshukiwa ni beringi ya shafti inayoingia au za shafti ya chini, kwa kuwa hizo ndizo zilizokuwa zikizunguka. Mlio ukianza klachi inapokanyagwa, giaboksi haina hatia: ni beringi ya klachi. Gari likivuma katika gia ya kwanza, ya pili na ya tatu lakini likanyamaza katika ya nne, msomaji atakumbuka kwamba katika gia ya nne shafti ya chini huzunguka bila kubeba mzigo; basi tatizo liko huko chini. Na gari likiachwa liteleze katika uwanja tambarare, gia ikiwa huru na klachi imekanyagwa, kisha mlio ukaendelea na kufuata mwendo wa magurudumu, itafutwe propela shafti, difu au sanduku la gia za ziada. Wengi wameteremsha giaboksi nzima kwa sababu ya mlio wa difu.

Kuhusu gia inayosaga, jaribio ni jepesi zaidi. Gia ya nyuma haina pete. Injini ikizunguka polepole, klachi na ikanyagwe hadi mwisho, ihesabiwe hadi kumi, kisha iingizwe gia ya nyuma. Ikiingia kimya, klachi inatenga sawasawa. Ikisaga hata baada ya kungoja, klachi ndiyo haiachi, na huenda dawa yake ni kutoa hewa katika pampu ya klachi, kazi ya nusu saa. Vivyo hivyo gia inayochomoka: kabla ya kuishutumu, yatazamwe mipira inayoishikilia giaboksi kwenye chesisi na ile ya injini, na springi ndogo inayoisukuma golori iingie katika kishimo cha kuishika gia mahali pake. Mpira uliokufa huiruhusu giaboksi kujipindua kila dereva anapoachia mafuta, na mkono wa gia huvutwa pamoja nayo.

Mwisho wa uchunguzi wa nje ni oili. Imwagwe ingali na vuguvugu, katika chombo safi, kisha itandazwe juu ya karatasi nyeupe na kupitishiwa sumaku. Tope laini la kijivu ni uzee wa kawaida. Chembe za rangi ya dhahabu zisizovutwa na sumaku ni pete za shaba zinazolika. Vipande vya chuma vinavyokwaruza kidole ni beringi au meno yaliyovunjika, na gari lenye vipande hivyo lisitembezwe tena hata hadi sokoni. Oili ikiwa imepungua sana, sababu ya maradhi yote huenda ni sili inayovuja, na atakayebadili beringi bila kubadili sili atarudi pale pale baada ya miezi michache. Aina ya oili nayo yahitaji kutazamwa. Ile iliyoandikwa GL-5 ina viungo vingi zaidi vya salfa na fosforasi kuliko GL-4, kwa ajili ya gia za difu zinazokwaruzana kwa nguvu. Pete za shaba za giaboksi nyingi za zamani hazipatani nayo. Hilo ni somo la kemia lililosimama katika duka la vilainishi.

Baada ya hayo yote, tuhuma zikithibitika kwamba ugonjwa umo ndani hasa, ndipo swali la nani aifungue linapopata maana. Na hapo vitabu vingi vya ufundi vitokavyo ng'ambo humpotosha msomaji wa Afrika Mashariki. Vitabu hivyo humshauri mwenye gari ajifanyie mwenyewe ili aokoe ujira wa fundi, na huko Marekani au Ulaya hesabu hiyo ni sahihi, kwa kuwa saa moja ya fundi huko ni ghali sana. Katika nchi hizi mambo yamegeuka. Ujira wa fundi ni sehemu ndogo ya gharama. Sehemu kubwa ni beringi, pete, sili na shafti. Anayejifanyia mwenyewe huokoa kile kidogo na kukihatarisha kile kikubwa, kwani beringi iliyogongwa kwa nyundo upande usiostahili imekwisha haribika hata kabla gari halijawashwa. Atakayeifungua giaboksi yake mwenyewe na awe na sababu nyingine: kwamba fundi hodari hayupo karibu, au kwamba anataka kujua. Sababu hizo ni nzuri. Sababu ya fedha ni dhaifu.

Nayo kazi yenyewe si ngumu kwa namna watu wanavyofikiri. Kufungua ni rahisi; mtoto mwenye subira aweza kufungua. Hata kukumbuka mpangilio si tatizo, ikiwa kila kipande kitawekwa kwa zamu juu ya karatasi na kuandikiwa namba. Ugumu uko katika kupima. Pete ya shaba ikibanwa juu ya koni yake hubakiza nafasi kati yake na meno ya gia, na nafasi hiyo hupimwa kwa fila geji: katika magari mengi ikipungua kufikia nusu milimita au 0.8, kwa kadiri kitabu cha gari husika kisemavyo, pete imekwisha, hata kama kwa macho yang'aa kama mpya. Mchezo wa shafti kwenda mbele na nyuma huhesabiwa kwa sehemu za mia za milimita, na hurekebishwa kwa vipande vyembamba vya chuma vilivyochaguliwa kimoja kimoja. Mtu asiye na kitabu cha gari hilo hana tarakimu za kulinganisha, na mtu asiye na vifaa vya kupimia hana cha kulinganisha nazo. Akifungua, atafanya lile wafanyalo wengi: atabadilisha kile kilichovunjika wazi, atakiacha kilicholika kimyakimya, na kufunga.

Kuna pia vumbi, adui ambaye wataalamu wa vitabuni hawamtaji vya kutosha kwa sababu hawaishi naye. Utando wa oili unaozitenga golori za beringi na njia yake hukaribia elfu moja ya milimita, na mara nyingi ni mwembamba kuliko hapo. Punje ya mchanga laini yaweza kuwa nene mara mia moja kuliko utando huo. Giaboksi iliyofunguliwa chini ya mwembe mwezi wa Agosti, upepo ukivuma, hupokea kifo chake siku ile ile ya kuponywa. Chumba chenye sakafu iliyomwagiwa maji, meza iliyotandikwa shuka safi na milango iliyofungwa ni bora kuliko gereji nyingi. Kwa jambo hili maabara ya shule huwa na sifa ambayo haikukusudiwa.

Yeyote atakayeifanya kazi, mwalimu ana jambo jingine la kufanya ambalo litaokoa fedha kwa hakika, nalo ni kusoma namba za beringi. Beringi nyingi za magari hufuata vipimo vya kimataifa, na namba iliyochorwa ubavuni mwake ni maelezo kamili kwa ajuaye kusoma. Mfano ni 6305. Tarakimu ya kwanza, 6, yasema kwamba ni beringi ya golori ya kawaida. 3 yasema kwamba ni ya mfululizo mzito kuliko ule wa 2. Na 05 zidisha kwa 5 ni 25, yaani tundu lake lina milimita 25. Kipenyo chake cha nje ni milimita 62 na unene wake 17, popote iundwapo. Kanuni hii ya kuzidisha kwa 5 hufanya kazi kuanzia 04 na kuendelea. Mwenye kuijua hana haja ya kuomba beringi ya gari fulani; huomba namba yake kwa muuza beringi yeyote, na huipima kwa vernia kabla ya kulipa. Katika magari ya zamani ya Uingereza baadhi ya beringi hupimwa kwa inchi, hivyo namba huandikwa jinsi ilivyo na kupelekwa dukani pamoja na beringi yenyewe.

Njia ya tatu, ambayo huonekana fupi, ni kununua giaboksi iliyotumika. Gerezani mjini Dar es Salaam na Kirinyaga Road mjini Nairobi zimepangwa barazani kama viazi. Ununuzi huo huweza kuwa wa busara kwa gari la Kijapani lililoenea, ambalo giaboksi zake ni nyingi na bei yake si kubwa. Kwa Land Rover ya miaka hamsini iliyopita ni kununua uzee wa mtu mwingine. Atakayenunua na aishike shafti inayoingia, aitikise juu na chini, aizungushe kwa mkono katika kila gia, anuse oili iliyobaki, na asilipe mpaka ameyafanya hayo mbele ya muuzaji.

Basi mkuu wa shule amjibu nini mwalimu wake? Asimpe kazi ya kuijenga upya giaboksi. Si kwa sababu mwalimu hana akili ya kutosha. Ni kwa sababu gari hilo ni moja, na kosa la mara ya kwanza, ambalo kila fundi alilifanya alipokuwa mwanagenzi, halipaswi kulipiwa na mwanafunzi mwenye homa usiku wa mvua. Mtu mwenye gari la pili uani aweza kujifunza kwa gari la kwanza. Shule haina la pili. Hata kuishusha tu giaboksi ya Land Rover hii ni kazi ya siku nzima: sakafu ya mbele na sanduku la viti huondolewa, nayo hupandishwa kwa mnyororo ndani ya chumba cha dereva na kutolewa mlangoni. Ni nzito mno kwa watu wawili, na mwenye kuipokea kwa kifua atakumbuka.

Lakini apewe kila kilichobaki. Afanye majaribio yote ya nje na kuyaandika, mlio kwa mlio. Fundi asiambiwe tu kwamba gari linasumbua. Apelekewe karatasi hiyo. Mafundi wengi hulaumiwa kwa kubahatisha, na ni kweli hubahatisha, lakini mara nyingi ni kwa sababu mteja amewaletea gari na malalamiko ya maneno matatu kisha akataka bei. Wapatane kabla kwamba vipande vyote vitakavyotolewa virudishwe shuleni, kwamba kila beringi mpya ipimwe kabla ya kuingizwa, na kwamba giaboksi isifungwe mpaka mwalimu ameiona ikiwa wazi. Fundi anayekataa masharti hayo amekwisha kutoa taarifa ya kutosha juu ya kazi yake. Anayekubali aalikwe aifanyie kazi hiyo maabara, mlango ukiwa umefungwa, na wanafunzi wachache wasiopiga kelele wamesimama nyuma ya mstari wa chaki.

Na kwa ajili ya hamu ya mwalimu, ambayo ni hamu nzuri, itafutwe giaboksi iliyokufa. Hupatikana kwa bei ya chuma chakavu. Iwekwe juu ya meza ya maabara, isiyodaiwa kwenda popote, ifunguliwe na kufungwa mpaka meno yake yazoee mikono ya kidato cha tatu. Wahesabu meno ya jozi mbili za gia ambazo nguvu hupitia katika gia ya pili, wagawanye, wazidishe, na waone kama watafikia uwiano ulioandikwa katika kitabu cha gari. Pete ya shaba itolewe, ipakwe oili, ibanwe juu ya koni yake na kupimwa nafasi kwa fila geji. Kisha ipimwe iliyo mpya, ikiwa fundi wa gari la shule alinunua moja ya ziada.